Maksi Mbili na Nusu

Saa nane na nusu mchana, wenzangu wengi wakiwa wameshakwenda vipindini, kijana wa kidato cha tatu alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu hadi nilipoinua kichwa.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Karibu."

Aliweka karatasi yake mezani, akaigeuza inielekee. Kwenye kona ya juu nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: 2½/15. Hakuwa amenuna. Alikuwa mtulivu kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Madamu, naomba kuuliza. Haya niliyoandika ni uongo?"

Ilikuwa mwaka 2017, katika shule ya kutwa nje kidogo ya mji wa Arusha, upande wa barabara ya kwenda Moshi. Ninafundisha Historia na Uraia, na swali nililokuwa nimelitoa lilikuwa la kawaida kabisa. Sidhani kama yuko mwalimu wa Historia nchini ambaye hajawahi kulitoa: eleza sababu sita zilizochochea harakati za kudai uhuru Tanganyika. Nililiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha tunayofundishia sekondari. Majibu yake yanajulikana. Askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, wasomi, ardhi iliyonyang'anywa, kodi, Umoja wa Mataifa, Mkutano wa Manchester wa mwaka 1945, uhuru wa India mwaka 1947. Mwanafunzi anayebukua anayo kichwani kama sala. Na mimi ninayo skimu ya kusahihishia: utangulizi maksi moja na nusu, pointi sita kwa maksi mbili mbili, hitimisho moja na nusu. Jumla 15.

Yeye alikuwa ameandika sababu moja tu. Kurasa mbili na nusu juu ya ardhi, Kiingereza na Kiswahili vikipokezana. Aliandika kwamba bibi yake alikuwa binti mdogo huko Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, mwaka 1951 serikali ya Mwingereza ilipowatoa Wameru kwa nguvu ili mashamba yao wapewe walowezi wa Kizungu. Kwamba nyumba zilichomwa moto. Kwamba mama yake bibi alimbebesha kuku wawili, mmoja akafia njiani, na mpaka leo bibi hawezi kusimulia habari za siku ile bila kuanza na yule kuku. Kwamba watu walichanga fedha kidogo kidogo wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza waliyotendewa. Alimalizia kwa kusema kwamba watu waliokwisha kuona mwenzao akienda kumshitaki mtawala mbele ya dunia, na akasikilizwa, hawakuweza tena kumwogopa mtawala yule kama zamani.

Nilikuwa nimempa maksi mbili za pointi moja na nusu maksi ya utangulizi. Pembeni nikaandika: pointi tano ziko wapi?

"Siyo uongo," nilimjibu. "Lakini swali limesema sita."

"Nilidhani nikieleza moja mpaka ieleweke ni bora kuliko kutaja sita."

Nikamwambia kwamba Baraza la Mitihani halitamfuata bibi yake kumuuliza. Wakati ule niliona nimemjibu kwa busara. Alisema asante, Madamu, akaikunja karatasi yake mara mbili akaondoka.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na kipindi cha Uraia kidato cha kwanza, mada ya haki za binadamu. Nina desturi ya kuwasomea wanafunzi vipande vya Katiba yenyewe, maana kitini kinafupisha mno. Siku hiyo tulikuwa kwenye ibara ya 13(6). Nikaandika ubaoni: mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, ana haki ya kukata rufaa, haadhibiwi kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa kisheria. Nikawaeleza kwa maneno mepesi kwamba sheria lazima itangulie, ijulikane, ndipo mtu ahukumiwe nayo. Nikiwa nimewapa mgongo, chaki mkononi, nikaiona karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Skimu ile hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona. Mwanzoni mwa mwaka ninaandika azimio la kazi, namkabidhi mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia taaluma shuleni. Ninaandika andalio la somo, anasaini mkuu wa idara. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija, wanayafungua yote mawili na kuyasoma mstari kwa mstari. Watu wazima wote shuleni wanajua ninachokitarajia kwa mtoto, na mtoto mwenyewe anakuja kukijua siku anaporudishiwa karatasi ikiwa imeshachanwa na wino mwekundu. Mwanafunzi yule aliona neno "sita" kwenye swali, sikatai. Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sababu moja iliyothibitishwa kwa jina, mahali na mwaka italipwa sawasawa na sababu moja iliyokaririwa kwenye mstari mmoja. Angelijua hilo, pengine angechagua vingine. Mimi mwenyewe kama ningelitamka kwa sauti, mbele ya darasa, pengine ningeona aibu nikalibadilisha.

Najua kwa nini tunaipenda skimu. Nina mikondo mitatu, wanafunzi 68 kila mkondo, jumla 204. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 madarasa yamejaa, na mimi nafurahi kwamba yamejaa, kwa sababu nawajua kwa sura wale ambao wangekuwa nyumbani. Lakini insha moja nikiipa dakika nne tu, hizo 204 zinanichukua saa 13 na dakika 36. Basi jicho linajifunza kutafuta neno. "Ardhi", tiki. "Wasomi", tiki. Unaweza kusahihisha rundo zima usisome hata sentensi moja.

Muhula uliofuata, kipindi cha kwanza sikufundisha kitu. Tulifungua daftari ukurasa wa kwanza, kila mmoja akaandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, masharti ya muhula: majaribio ya kila wiki mbili yana uzito gani, kazi ya nyumbani uzito gani, mtihani wa mwisho uzito gani. Pointi iliyotajwa tu inalipwa nusu maksi. Iliyoelezwa ikaeleweka, maksi moja. Yenye ushahidi, yaani jina, mahali, mwaka, au maneno ya mtu aliyeshuhudia, maksi mbili. Mzazi asome asaini. Mzazi asiyejua kusoma anasomewa na mwanawe, na jambo hilo nalithamini kuliko saini.

Nilitegemea waandike na kunyamaza. Wakaanza kuuliza. "Madamu, nikikosea Kiingereza lakini jibu ni lenyewe?" Sikuwa na jibu, na nilipotafakari niligundua kwamba kwa miaka yote nilikuwa nakata maksi za Kiingereza ndani ya somo la Historia bila kumwambia mtu, tena siyo kwa kiwango kimoja: karatasi za asubuhi nilizikata kidogo, za usiku nilipochoka nilizikata sana. Tukakubaliana palepale. Jibu likieleweka linalipwa kamili; makosa ya lugha nayawekea alama kwa penseli, ayarekebishe, kwa sababu mtihani wa taifa unamsubiri kwa Kiingereza na sitaki kumdanganya kuhusu hilo.

Mwingine akauliza juu ya kuchelewesha kazi. Sheria yangu ya zamani ilikuwa kukata maksi tano, basi. Aliyeuliza ni binti ambaye alfajiri humsaidia mama yake kupanga mboga Soko la Kilombero, kisha hupanda kifodi kuja shule. Daftari lake lilikuwa na harufu ya kotimiri, na kazi zake zilikuwa nzuri, siku mbili nyuma ya wenzake. Maksi tano zile zilikuwa zinapima nini? Zilikuwa hazipimi Historia hata kidogo. Sasa anayechelewa ndani ya wiki moja simkati kitu. Nikisharudisha karatasi za darasa, aliyechelewa anapewa swali jingine, hapati faida ya kunakili. Wapo wanaoona kwamba nawadekeza. Mkuu wa idara yangu wa wakati ule, mtu niliyemheshimu na ninayemheshimu bado, aliniambia maisha ya nje hayana wiki ya msamaha. Nilimsikiliza. Sijabadili.

Jambo gumu zaidi kwangu lilikuwa tabia. Mwaka mmoja, kabla ya haya yote, nilimkata mwanafunzi maksi kumi za Uraia kwa sababu alinijibu vibaya mbele ya wenzake. Niliamini nafundisha uraia mwema. Na wazo hilo lina mizizi nchini kwetu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alilalamika kwamba mtihani wa karatasi unapima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa kwa kuulizwa ndani ya muda mfupi, na unaacha mengine mengi ya mtu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, na kuanzia 1976 maendeleo ya darasani yakaingizwa kwenye hesabu. Siku hizi mtihani wa kidato cha nne unabeba 70 na maendeleo 30. Ninaiunga mkono fikra hiyo kwa moyo wote. Mtoto aliyefanya kazi miaka minne asianguke kwa sababu ya malaria ya siku moja.

Ila kutoka hapo hadi mwalimu aliyekasirika kukata maksi kumi kuna umbali mrefu, nami niliuruka kwa mkupuo mmoja. Ripoti ya shule ina sehemu yake ya tabia na mwenendo: bidii, usafi, uaminifu, kila moja na herufi yake. Hasira yangu ingekwenda huko, ikaandikwa kwa jina lake, mzazi akaiona. Mimi niliificha ndani ya somo, na mzazi akaona kwamba mwanawe hajui Uraia.

Kuna na upande wa pili wa dhambi hiyohiyo, tunaouita kumbeba mtu, yaani kumwongezea maksi ambazo hakuzipata. A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Chini ya 30 ni F. Kwenye cheti, masomo saba bora ndiyo yanayohesabiwa, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na kila pointi inasogeza divisheni. Mtoto akiwa na 29, mkono wa mwalimu unawasha. Nimewabeba wengi. Nikiangalia nyuma nawakumbuka niliowabeba: watoto wenye adabu, wanaoamkia vizuri, wanaokaa mbele. Waliokaa nyuma na 29 zao niliwaacha na 29 zao. Sikuwahi kukaa nikaamua hivyo. Ndivyo mkono ulivyokuwa unakwenda wenyewe. Nilipoandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba hakuna maksi ya huruma, na badala yake kila mwenye kati ya 25 na 29 anapewa nafasi ya kurudia swali moja, nilijisikia nimetua mzigo ambao sikujua nilikuwa nimeubeba.

Halafu kuna siku ya rufaa. Ijumaa baada ya karatasi kurudishwa, kipindi kizima ni cha wanafunzi kuniuliza maksi zao. Sharti ni moja: uje na sentensi. Usije na "Madamu, naomba uniongezee". Uje na "niliandika hivi, na ukurasa wa kwanza unasema hivi".

Wazo hili nililipata kutokana na mji wetu. Arusha ni mji wa hukumu zilizoandikwa na sababu zake. Pale Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, katikati ya mji, ndipo ilipokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda hadi ilipofungwa Desemba 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 majaji walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Alisomewa mashitaka. Alikuwa na wakili. Aliandikiwa sababu za hukumu, akakata rufaa, akasikilizwa, rufaa ikakataliwa. Huwa nawaeleza wanafunzi hayo yote kwenye Uraia, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko papa hapa mjini kwetu pia. Naye Kirilo Japhet alitoka kwenye mteremko wa mlima huu tunaouona dirishani, akapata pa kusimama hadi New York. Mwanafunzi wangu alipotaka kusimama, alipata meza yenye rundo la madaftari na mwalimu mwenye haraka.

Rufaa za kwanza zilikuwa ngumu. Walizoea kuomba, kudai kwa hoja kuliwatia hofu, na baadhi ya wenzangu waliona nawafundisha utovu wa adabu. Mwaka wa pili ilibadilika. Niliona wanafunzi wakisoma karatasi zao wenyewe, jambo ambalo zamani hawakulifanya kabisa. Waliangalia namba ya juu, wakaitia karatasi mfukoni. Sasa mtu anasoma alichokiandika akitafuta silaha, na mara nyingi katikati ya kusoma anaona mwenyewe alipokosea, anarudi kukaa. Kwa darasa la watu 68, rufaa zinazonifikia mezani hazizidi kumi.

Kipimo changu hakijatatua kila kitu. Nimekaa nikaipigia hesabu upya insha ya Ngarenanyuki kwa masharti ya sasa: sababu moja yenye ushahidi, maksi mbili, nusu ya utangulizi. Mbili na nusu ileile. Insha yenye swali la sababu sita haina mahali pa kumlipa mtu aliyechimba moja hadi kwenye mwamba. Kwa hiyo nimeongeza kazi ndefu, moja kwa mwaka, ambayo haina idadi ya pointi: mtafute mtu aliyekuzidi miaka 40, muulize jambo moja aliloliona, kisha ulinganishe na kitabu. Wapo walioleta habari za chama cha ushirika cha KNCU kule Moshi na mizani ya kahawa. Mmoja alileta habari za kufungwa kwa mpaka na Kenya mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipokuwa ikivunjika, kutoka kwa babu aliyekuwa dereva wa lori. Kazi hizo nazisahihisha polepole, nyumbani, na usiku siku hizi sizigusi.

Sasa mitaala ya mwaka 2023 imetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa upande wa lugha nimefurahi mno, kwa sababu nimeona watoto niliodhani ni wazito wakisimama na kujieleza kwa dakika tano bila kupumzika. Neno la pili kwenye jina ndilo linalonikosesha usingizi kidogo. Maadili yanafundishika, hilo naliamini. Siku nitakapotakiwa kuyatilia namba, nitakumbuka zile maksi kumi nilizozikata kwa hasira.

Kijana wa Ngarenanyuki alimaliza kidato cha nne mwaka 2018. Historia alipata D. Karatasi yake sikuisahihisha upya. Ile 2½ ilibaki kwenye rejista yangu kama nilivyoiandika, kwa sababu nilipata akili wakati alama za muhula zilikuwa zimeshakabidhiwa kwa mtaaluma, na nikaona haya kwenda kuomba zirudishwe. Ningeweza kwenda. Ofisi yake iko hatua kumi na tano kutoka yangu.

Ijumaa moja ya mwaka huu, binti wa kidato cha pili alinijia na sentensi yake. Swali lilikuwa la maksi mbili: Azimio la Arusha lilikuwa tarehe ngapi? Skimu ilisema 5 Februari 1967. Yeye aliandika 29 Januari, nikamkosesha.

"Madamu, mimi nakaa Kaloleni. Nimeingia ndani ya makumbusho. Kikao cha TANU kililipitisha pale, tarehe 29 Januari. Tarehe 5 Februari Mwalimu alilitangaza, tena Dar es Salaam. Wewe umeuliza lilikuwa lini, hukuuliza lilitangazwa lini."

Alikuwa sahihi. Nilifungua kabati, nikatoa karatasi zote 204, nikazipitia moja moja mpaka mlinzi akaja kugonga dirisha. Walioandika 29 Januari walikuwa tisa. Jumatatu niliwarudishia maksi zao, nikawauliza kila mmoja aliipata wapi tarehe ile. Sita walikuwa wameingia jengo lile la Kaloleni. Wawili waliambiwa na babu zao. Mmoja alisema amekisia tu, akanyoosha mkono nimrudishie kosa lake. Nikamwambia akae, maksi ni zake.